Picha ya Otmari Kwenye Mfuko wa Saruji

Asubuhi ile tulikuwa tunagombana juu ya msumari. Otmari alikuwa seremala wa aina ile isiyotupa msumari uliopinda. Aliung'oa, akaulaza juu ya jiwe, akaugonga taratibu kwa nyundo mpaka ukanyooka kiasi cha kudanganya, kisha akanipa mimi niupigilie. Ulipopinda tena, alinilaumu mimi.

"Mmatengo," alisema kutoka juu ya paa, "msumari huo ulikuwa umenyooka tangu sijaoa. Umeupinda wewe."

"Umepinda kwa uzee."

"Mimi pia mzee, mbona sijapinda?"

Tulikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwenye kijiji chenye soko dogo, msikiti, kanisa la matofali ya udongo na mfanyabiashara mmoja aliyetaka duka la bati. Yeye ndiye aliyetuita. Otmari aliitwa kwa sababu ya paa, mimi kwa sababu Otmari hakujua Kireno. Kireno changu nilikiokota miaka ya nyuma, nilipokuwa nazunguka vijiji vya huko nikiuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kilikuwa Kireno cha sokoni. Niliweza kuuliza bei, kuilalamikia, kuapa kwamba samaki wamekauka vizuri, na kuaga. Mambo mengine yote ya maisha ya binadamu sikuwa na maneno yake.

Kwetu ni Mpepai, Mbinga, kwa Wamatengo. Nimezaliwa kwenye kahawa, nikalelewa kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe anapumzika katikati. Nilimaliza kidato cha nne, baba akanionyesha kipande changu cha shamba, na mimi nikakipenda sana kwa mbali. Nimefanya kazi Songea, Tunduru, Njombe, na kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka. Otmari alikuwa mtu wa Lituhi, ufukoni kabisa. Tulijuana nilipokwenda huko kwa wiki moja kununua samaki, nikakaa mpaka watu wakaanza kunigawia kazi za msibani. Alinifundisha kushika randa. Akajaribu pia kunifundisha mganda. Randa niliiweza.

Kwa asiyeujua mganda: ni ngoma ya wanaume wa ufukoni, ingawa imepanda hadi kwetu milimani. Wazee wanasema walioianza waliwaona askari wa mkoloni wakifanya gwaride, wakapenda kila kitu isipokuwa kufa. Wakachukua safu, mikanda, kofia, soksi ndefu hadi magotini, kaptula nyeupe zilizopigwa pasi hadi zikasimama zenyewe. Bunduki wakaziacha, badala yake wakashika vibuyu vyenye shingo ndefu na kuvipuliza. Kuna kapteni mwenye filimbi na kifimbo. Kuna ngoma kubwa, na ya timu yao ilipigwa na Otmari. Mguu wa kuanza ni wa kulia. Mimi nilianza na wa kushoto. Nilijua ni wa kulia, nilijiambia ni wa kulia, na ukaja wa kushoto. Mwaka mzima Otmari alinipigia kelele kutoka kwenye ngoma, "Mguu, Mmatengo," mpaka watoto wa Lituhi wakasahau kwamba naitwa Gebhadi, wakaniita Mguu.

Jioni, kule ng'ambo, tukishaoga na kula, Otmari alichora. Alitumia penseli yake ya useremala, ile bapa anayoichonga kwa patasi, na karatasi alipata kwenye mifuko ya saruji. Aliipasua mifuko, akaikung'uta, akachora upande wa ndani. Kwa kawaida alichora milango. Lakini wiki ile alikuwa na karatasi moja aliyoifunika kwa kiganja kila nilipokaribia, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Siku moja nilichungulia juu ya bega lake nikaona safu za watu, mikanda, kofia, vitu virefu mikononi.

Siku mbili kabla ya hapo kikosi cha askari kilikuwa kimepita kijijini kwa mstari, kikienda mashariki. Nikajumlisha mwenyewe.

"Otmari, usichore askari."

"Nani kachora askari?"

"Wewe."

"Nenda kalale," akasema.

Nililichukua hilo kuwa ukaidi.

Vita, mwanzoni, vilitufikia kama upungufu. Sukari ilipungua, kisha sabuni, kisha wateja. Halafu wakapungua wenyeji wenyewe. Asubuhi unaamka, nyumba ya jirani imefungwa kwa kamba na kuku wanazunguka wakiuliza. Watu walisema kuna vijiji vimechomwa huko mashariki, na wachomaji wako porini, na askari wanawatafuta, na katikati ya wanaotafuta na wanaotafutwa kuna mihogo na watu kama sisi. Mfanyabiashara wetu alikwenda mjini kufuata mabati ya mwisho, hakurudi. Nikamwambia Otmari tuondoke.

"Paa halijaisha."

"Mwenye paa ameondoka."

"Paa likibaki wazi, mtu akipita hataona tajiri aliyekimbia," alisema. "Ataona fundi asiyejua kazi."

Askari walirudi siku ya soko, ingawa soko lenyewe lilikuwa mama mmoja na fungu la bamia. Walikuja wengi, wakaingia nyumba kwa nyumba. Hawakuwa wakali mwanzoni. Walikuwa wamechoka, vumbi limewapaka rangi moja wote.

Wakalifungua sanduku la zana la Otmari.

Wakatoa misumeno. Wakatoa patasi. Wakatoa randa ya zamani ya marehemu baba yake.

Chini kabisa wakatoa karatasi ya mfuko wa saruji.

Mmoja wao akaikunjua. Aliitazama, akamtazama Otmari, akaenda nayo nje. Waliporudi walikuwa wanne, wakamfunga Otmari mikono kwa nyuma kwa kamba yetu wenyewe, ile ya kupandishia mbao.

Kamanda wao alikuwa amekaa kwenye benchi letu la kazi. Alikuwa mtu mwembamba, na shavu moja lilikuwa limevimba. Amelifunga kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kukutana utosini. Jino. Kwa hiyo alizungumza kupitia upande mmoja wa mdomo, na mimi niliyekuwa na Kireno cha dagaa nikapewa kazi ya kutafsiri Kireno cha jino bovu.

Akainua karatasi. "Nani amechora hii?"

Nikamtafsiria Otmari, nikiongeza kwa Kiswahili, "Fikiri kabla hujajibu."

"Mimi," akasema Otmari, na akanyoosha mgongo. Alikuwa hivyo. Ukimwonyesha kazi yake hata mahakamani, atakiri kwa fahari.

"Wewe ni mtu wa porini," kamanda akasema. "Umewachora askari wangu. Safu zao, silaha zao, ofisa wao. Ulitaka kumpelekea nani?"

Nilifahamu maneno machache tu kati ya hayo, lakini yaliyobaki yalikuwa usoni pake. Na kulikuwa na jambo jingine lisilohitaji Kireno. Askari mmoja alikuwa tayari amekwenda kusimama chini ya ukuta ambao tulikuwa hatujaupiga plasta, na alikuwa anapasafisha kwa buti, anasogeza vipande vya matofali.

Hapo ndipo askari kijana mwenye masikio makubwa aliinama juu ya bega la kamanda.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Yupi?" mwenzake akauliza.

"Huyu. Angalia masikio."

"Masikio hayo ni ya koplo."

Koplo aliitwa. Akaangalia, akakasirika, akasema yeye hana tumbo kama lile. Karatasi ikapita mikononi. Mmoja akajikuta mstari wa nyuma akafurahi. Mwingine akajitafuta kila mahali, hakujiona, akaniuliza mimi kwa uchungu kwa nini hakuchorwa, wakati siku ile walipopita yeye ndiye aliyebeba kitu kizito kuliko wote. Walikuwa kama watu waliopokea picha za harusi. Na kila aliyejitambua alikuwa anamsogeza Otmari hatua moja kuelekea kwenye ule ukuta.

Nikamwona Otmari anawatazama kwa mshangao, kama fundi anayesikia mteja anasifia kitu ambacho hakukitengeneza.

Mimi nikaamua kusema uongo. Nilitafuta uongo wowote unaofanana na picha: watu wa safu, mikanda, kofia. Nikaupata.

"Bwana mkubwa," nikasema, "hawa si askari. Hawa wanacheza."

"Wanacheza."

"Ni ngoma ya kwetu. Ziwani."

Otmari akaniuliza kwa Kiswahili, "Unawaambia nini?"

"Nimewaambia ni mganda."

"Ni mganda."

"Vizuri. Shikilia hapohapo."

"Gebhadi, ni mganda."

"Nimekusikia. Usizidishe."

Kamanda aliweka kidole juu ya karatasi. "Hii ni bunduki."

Neno la kibuyu sikulijua kwa Kireno. Nililijua la boga, kwa sababu kule sokoni nilikaa jirani na muuza maboga. "Hilo ni boga," nikasema. "Boga kavu. Lina shingo, lina tundu. Wanalipuliza."

"Wanapuliza boga."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu ndani ya maneno niliyokuwa nayo. "Kwa furaha," nikasema. "Bei yake ndogo."

Kidole kikasogea. "Huyu ana kifimbo na filimbi. Huyu ni ofisa."

"Ni kapteni," nikasema, na neno lilipotoka nikatamani kulirudisha.

"Kapteni wa jeshi gani?"

"Wa ngoma. Kazi yake anauza samaki."

"Kapteni anauza samaki."

"Jumapili hauzi. Anakwenda kanisani."

Askari wawili walikuwa wameanza kutabasamu. Kamanda hapana. Ana jino, mtu mwenye jino hatabasamu kwa jambo la nusunusu. Aliigeuza karatasi, akaisogeza karibu na macho, akagonga mahali mwishoni mwa safu.

"Na huyu? Wote wameinua mguu wa upande huu. Huyu ameinua ule. Kwa nini?"

Kweli palikuwa na mtu mmoja pale, mrefu, shingo imetoka mbele, ameinua mguu wa kushoto. Sikuwa nimemwona. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Huyo ni mjinga. Kila timu ina mmoja. Wanamwacha kwa huruma."

Nikamgeukia Otmari kumtafsiria, ili tuwe na hadithi moja. "Nimewaambia huyu wa mwisho ni mjinga, wanamwacha kwa huruma."

Otmari alitoa sauti. Mikono imefungwa, kamba inamkata, askari yuko ukutani anasogeza matofali, na yeye mabega yanamtikisika. Nilidhani ni hofu imempanda kichwani. Nikamwombea kimyakimya kwa yule mtakatifu wa Kijerumani ambaye wamisionari walimpa jina lake.

Kamanda alisimama. "Basi chezeni," akasema.

Wakamfungua Otmari. Hapakuwa na ngoma, akaletewa dumu la maji. Aliligonga kwa kidole mara mbili, akakunja uso, akaomba jingine. Nikamwambia huu si wakati wa kuchagua. Akasema dumu lililopasuka halitoi sauti hata kama unauawa. Wakamletea jingine.

Nikasimama mbele ya benchi, peke yangu, kwenye vumbi la mbao. Sikuwa nimecheza mganda kwa miaka.

Otmari akaanza.

Dumu lilikuwa dumu tu, la njano, limeandikwa jina la mafuta ya kupikia. Lakini mikono ilikuwa yake. Kwa muda mfupi sikuona askari. Niliona uwanja wa mchanga wa Lituhi, akina mama wenye kihoda, ngoma yao, wakisubiri zamu, na ziwa nyuma likiwa na rangi ambayo milima ya Livingstone huipa jioni. Nimetembea sana, na sijui mahali ambapo nimetamani kuwa zaidi ya pale, wakati ule.

"Mguu wa kulia, Mmatengo," akasema Otmari bila kufungua mdomo.

Wa kulia, nikajiambia. Wa kulia.

Nikainua wa kushoto.

Dumu likanyamaza.

Kamanda alikuja polepole. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akachuchumaa, akaiweka sambamba na goti langu lililokuwa bado hewani, kwa kuwa hakuna aliyeniruhusu kulishusha. Akatazama picha. Akatazama goti. Akapanda na macho hadi kwenye shingo yangu, ambayo ni kweli, huwa inatangulia.

"Mjinga ni wewe," akasema.

Halafu akacheka. Alicheka huku amelishika shavu, na kila alipocheka jino lilimchoma, akanyamaza, akaangalia picha, akacheka tena, machozi yakamtoka. Askari wote wakaja kuhakikisha. Nililazimika kuinua mguu mara nyingine kwa ajili ya waliochelewa. Yule wa ukutani naye akaacha matofali, akaja.

Kijana wa masikio peke yake hakufurahi. "Kwa hiyo huyu si mimi?"

"Si wewe," kamanda akamwambia.

"Lakini masikio."

Kamanda hakumpa Otmari ile karatasi. Alinipa mimi. "Chukua picha yako," akasema. "Na ondokeni hapa. Mahali hapa si pa ngoma sasa." Nadhani alilisema hilo kwa wema. Nililielewa kwa sababu alilisema taratibu, kama unavyomwambia mtoto.

"Mwambie nina koleo," Otmari akaninong'oneza. "Lile jino naling'oa sasa hivi, hatasikia."

Hiyo ndiyo tafsiri pekee niliyoikataa siku ile.

Walipoondoka tulikaa chini, mimi na Otmari, migongo kwenye ukuta ule ule. Niliinyoosha miguu yangu yote miwili, ya kulia na ya kushoto, na sasa ilikuwa sawa.

"Ulikuwa umenichora mimi," nikasema.

"Nimekuambia tangu mwanzo ni mganda."

"Nilidhani unashikilia uongo wangu."

"Wewe ulipata wapi akili ya uongo mzuri kama huo?" Akajisugua viganja. "Nilichora timu. Ile siku tuliyocheza na timu ya Mbaha. Wewe umeingia kwa bahati mbaya."

"Na mguu?"

"Seremala hachori kitu ambacho hakipo."

Alitaka picha yake. Nikamwambia ni yangu, kwa amri ya kamanda. Alisema amri ya jeshi haihusu kazi ya sanaa. Tuligombania picha ile siku iliyofuata yote, juu ya paa, kama tulivyogombania misumari, na mimi nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa shati nikapiga pini. Kwa maana tulikuwa bado juu ya paa. Kulibaki ile kofia ya paa, bati la kufunika mgongo. Otmari alikuwa ametafuta mabati mawili ya zamani, akayanyoosha. Akasema ni kazi ya asubuhi moja, tukimaliza tunaondoka, hata chakula hatupiki.

Mlio wa kwanza nilidhani ni yeye, anapigilia.

Wa pili niliona nyundo yake iko hewani.

Tulishuka bila ngazi. Watu walikuwa wanakimbia kuelekea mtoni, na sisi tukakimbia nao, kupitia mihogo, kupitia makaburi, bila kusemezana. Nyuma yetu palikuwa na moshi. Wa nani, wa nyumba ya nani, hatukugeuka.

Kwenye kichuguu kikubwa, pale njia inapoanza kuteremkia mtoni, Otmari alisimama.

"Sanduku."

"Achana nalo."

"Randa ya baba imo."

"Otmari, achana nalo."

Aliangalia nyuma, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa na penseli yake sikioni. Ilikuwa imekaa sawasawa, kama yuko kazini.

"Tangulia," akasema. "Wewe hujui kuogelea, utachukua muda mtoni."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na ni kweli. Sijui kuogelea.

Nilivushwa kwa mtumbwi, nimelala chini kati ya mama na mbuzi. Upande wa huku nilikaa ukingoni. Kila mtumbwi ulipotokea niliwahesabu vichwa. Baadaye sikuhesabu tena, nilitafuta penseli. Mtu mmoja aliyevuka mwisho, mwenyeji wa kijiji kile, aliniambia alimwona mtu amelala mbele ya duka lililokuwa likiezekwa, na kando yake sanduku la mbao limefungwa vizuri na kamba. Nikamwuliza kama paa lilikuwa zima. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Akasema ndiyo, paa lilikuwa zima, kasoro pale juu.

Nilirudi kwa malori na kwa miguu. Kutoka Kitai nilipata lori la makaa ya mawe, nikateremka Lituhi mweusi kama chungu. Winfrida, mke wa Otmari, alikuwa anageuza usipa kwenye vichanja. Aliniona natokea barabarani peke yangu. Aliweka chini ungo, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika mbele ya mlango. Nilipofika alikuwa tayari ameketi.

Watu walikaa matanga bila maiti, na jambo hilo ni gumu. Mikono haijui pa kwenda. Hakuna pa kuchimba. Mafundi wenzake wangetengeneza jeneza zuri kuliko yote ya ufukoni, na hapakuwa na vipimo vya kuwapa.

Siku ya kuondoa matanga, wakati wengi wamekwisha kula, nikaitoa ile karatasi. Nilikuwa nimeikausha mara mbili kwa ajili ya jasho na mto. Nikaitandaza kwenye mkeka mbele ya Winfrida. Mzee Alkwini, kapteni wa mganda, alikuwa ameketi nasi.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sababu sikuwa nimemsalimu tangu aingie. "Hii alichora Otmari kule."

"Marahaba." Aliinama. Hakuhitaji hata miwani. "Huyu ni mimi. Huyu ni Bosko, anavyobana viwiko. Huyu ni marehemu Kanisio. Na huyu," akacheka kidogo, akafuta mdomo kwa kuwa ni msibani, "huyu ni wewe, Mguu." Akawaita wengine. Wakaja wanaume wa timu, wakapiga magoti kuzunguka mkeka, na kila mmoja akajitambua mara moja, bila ubishi. Picha ambayo mimi niliiona jeshi zima, wao waliiona Bosko na Kanisio. Wakasimulia ile siku. Mzee Alkwini akasema ndiyo siku tuliyowashinda Mbaha. Bosko akasema hatukuwashinda. Wakabishana kwa sauti ya chini.

Winfrida aliinama juu ya karatasi. Alikuwa anapitisha jicho kwenye nyuso, safu moja, safu ya pili, anarudi mwanzo. Nikajua anatafuta nini. Nami nilikuwa nimetafuta, ukingoni mwa Ruvuma na ndani ya malori, na sikuwa nimeona.

"Na yeye yuko wapi?" akauliza.



Mzee Alkwini akakiweka kidole juu ya safu ya mbele. "Sote tunatazama huku, unaona? Mpiga ngoma anakaa mbele yetu, anatutazama. Hapa." Kidole kikateremka chini ya karatasi, kikavuka ukingo wake uliochanika, kikaenda kusimama juu ya mkeka, karibu na goti langu.

Sote tukapatazama pale. Palikuwa na ukili uliosukwa, na kikombe changu cha chai.

"Shemeji," Winfrida akasema, "toa kikombe chako hapo."

Nikakitoa.